Wakili, Ada na Mnyonge: Njia ya Kuifikia Hukumu katika Tanganyika na Tanzania

Neno wakili liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na zamani sana kabla ya kuwa jina la mtu aliyevaa joho jeusi akasimama mbele ya jaji, lilikuwa jina la kazi ya kawaida kabisa. Wakili alikuwa mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe: kusimamia shamba, kupokea deni, kufungisha ndoa ya binti ambaye walii wake yu safarini, au kusema mbele ya kadhi kwa niaba ya mtu asiyeweza kufika mwenyewe kwa ugonjwa, uzee au haya. Hakutakiwa kuwa na cheti wala leseni. Alitakiwa kuaminiwa tu. Pengine alipewa kitu kwa taabu yake, pengine hakupewa. Na mara nyingi alikuwa mjomba, shemeji, au jirani mwenye ulimi mwepesi. Maana hiyo ya kwanza haijafa hata leo, nayo yaonekana katika ndugu yake wakala, na katika maneno ya ndoa za pwani ambamo wakili hutajwa bila mtu yeyote kufikiria mahakama.

Maana ya pili, ile ya mtu aliyesomea sheria na kuandikishwa na Serikali, ilikuja pamoja na mambo mengine mawili: ada ya mahakama na lugha ya kigeni. Mambo hayo matatu yalifika kwa pamoja, na kwa hiyo hapana budi yachunguzwe kwa pamoja. Mtu akiuliza kwa nini mkulima wa Tanganyika aliweza kuwa na haki isiyo na shaka na bado asiipate, jibu halipatikani katika sheria ya ardhi au ya ndoa peke yake. Lapatikana katika swali la nani alilipia kusikilizwa kwake, na maneno yake yalifika masikioni mwa hakimu kwa lugha gani. Neno haki lenyewe lina pande mbili katika Kiswahili: ni ile stahili ya mtu, na ni ule uadilifu wa mwamuzi. Mahakama huweza kuwa na uadilifu wote unaotakiwa, na stahili ya mtu ikapotea vivyo hivyo nje ya mlango wake.

Zamani za Wadachi hapakuwa na wakili katika mashauri ya Waafrika. Amri ilikuwa ya mkuu wa wilaya katika boma, na chini yake maliwali na maakida waliamua mambo madogo madogo. Kikao kiliitwa shauri, na Wadachi walilichukua neno hilo wakaliingiza katika lugha yao wakaliandika Schauri, maana hawakuwa na neno lao lenye kukusanya pamoja kesi, mashauriano, malalamiko na amri. Lugha ya kikao aghalabu ilikuwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika habari za desturi za Waswahili zilizochapwa na Velten mwaka 1903, ameacha maelezo ya madeni na hukumu kama mtu wa pwani alivyoyajua, na msomaji aona mara moja kwamba mwenye shauri alijisemea mwenyewe au alisemewa na jamaa yake. Isidhaniwe kwamba utaratibu huo ulikuwa wa huruma. Kiboko kilikuwa karibu, na rufani haikuwapo kwa maana inayojulikana sasa. Lakini mtu aliyefika bomani alieleza jambo lake kwa lugha aliyoijua au iliyokaribiana na yake, wala hakutozwa fedha za kumlipa msemaji.

Waingereza walileta utaratibu wa namna nyingine. Kwa amri ya mfalme wao ya mwaka 1920 ilisimamishwa Mahakama Kuu ya Tanganyika, na pamoja nayo zikaletwa sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya India. Hapo ndipo mgawanyiko mkubwa ulipoanza. Upande mmoja palikuwa na Mahakama Kuu na mahakama zilizo chini yake, zenye Kiingereza, ada, karatasi na mawakili. Upande wa pili palikuwa na mahakama za wenyeji, yaani mabaraza ya machifu na wazee. Sheria ya mwaka 1929 iliyaondoa kabisa mabaraza hayo katika uangalizi wa Mahakama Kuu, ikayaweka mikononi mwa watawala. Mtu aliyeshindwa barazani alikata rufani kwa afisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Katika ngazi zote hizo hakukutana na jaji hata mmoja. Afisa yule yule aliyekusanya kodi yake na kumhimiza kulima matuta ndiye aliyeketi kusikiliza rufani yake. Wananchi walimwita afisa wa namna hiyo Bwana Shauri, na jina hilo lilieleza mambo kwa ukweli kuliko vitabu vya Serikali.

Katika sheria zile zilizotoka India mlikuwamo kanuni moja ambayo yastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa msaada wa kwanza wa kisheria kuandikwa kwa ajili ya maskini katika nchi hii. Kanuni za Mashauri ya Madai za India za mwaka 1908, katika amri yake ya 33, ziliruhusu mtu fukara kufungua madai bila kulipa ada. Fukara ameelezwa humo kuwa ni mtu asiye na uwezo wa kulipa ada iliyopangwa, na ikiwa hapana ada iliyopangwa, basi ni mtu asiyekuwa na mali yenye thamani ya rupia 100, zisipohesabiwa nguo zake za lazima na kile kitu chenyewe anachokidai. Mahakama ilimhoji juu ya umaskini wake, na Serikali ilipewa nafasi ya kuukanusha. Mtu alipaswa kwanza kushinda kesi ya kuwa maskini kabla hajaruhusiwa kuanza kesi aliyoijia. Na akiisha kushinda, alisamehewa ada tu, wakili hakupewa. Aliachwa peke yake na hati za Kiingereza mkononi.

Ni wepesi kuona kwa nini kanuni hiyo haikumfaa mkulima wa Uluguru au wa Unyakyusa. Hakujua kwamba ipo. Haikupigwa chapa kwa lugha yake, wala mashauri yake hayakuwa yakienda katika mahakama zilizoifuata. Kwa hakika iliwafaa zaidi watu wa mjini waliokwisha kuzoea karani na stempu.

Tume iliyoongozwa na Grattan Bushe mwaka 1933, iliyochunguza uendeshaji wa kesi za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilishauri kwamba uwezo wa mahakama za majaji upanuliwe na mahakimu waliosomea sheria wachukue mahali pa watawala. Watawala walikataa. Walisema kwamba Mwafrika haelewi jinsi mtu mmoja awezavyo kumtawala na mwingine kumhukumu, na kwamba mawakili wangaleta werevu wa maneno na kuwala watu fedha zao. Sababu ya pili haikuwa ya uongo mtupu. Mawakili walikuwa wachache, karibu wote Wazungu na Wahindi, nao waliishi Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza na miji mingine michache. Gharama zao zilikuwa nje kabisa ya uwezo wa mtu aliyeuza magunia machache ya kahawa au pamba. Lakini kuwazuia mawakili kwa sababu ni ghali, pasipo kuweka kitu kingine mahali pao, kulimfaa mtawala zaidi kuliko alivyofaidika yule mtu aliyesemwa kuwa analindwa.

Mahali pa wakili hapakukaa wazi. Paliingia mwandishi wa barua, aliyeketi barazani pa duka au karibu na posta na kalamu yake, pengine na taipureta. Alikuwa karani aliyestaafu, au mwalimu, au mtu aliyefanya kazi ya tarishi mahakamani akajifunza mwendo wake. Kwa fedha kidogo aliandika malalamiko, akayapamba kwa maneno makubwa ya Kiingereza, na kumwambia mteja ni dirisha lipi apeleke. Waingereza walimdharau na kumwita wakili wa porini. Siku hizi katika Tanzania watu wasio na leseni wanaofanya kazi ya uwakili huitwa vishoka. Katika dharau hiyo pana haki na pana udhalimu pia. Wengine walikuwa wezi. Wengine walikuwa ndio daraja pekee lililounganisha Kiswahili cha mlalamikaji na Kiingereza cha faili, na historia ya lugha ya sheria katika nchi hii haitakamilika mpaka barua zao zilizomo katika nyaraka za Serikali zisomwe na wanafunzi wa lugha, sio wa siasa peke yao.

Jambo lililoonyesha dhahiri gharama ya kusikilizwa lilitokea Meru. Katika Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima wao, ili ardhi hiyo iwe ya walowezi wa Kizungu. Shauri la kuwaondoa lilitokana na taarifa ya Jaji Mark Wilson, aliyekuwa amechunguza ardhi za Arusha na Moshi baada ya Vita vya Pili. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wakaambiwa waende Kingori. Je, wangeshtaki wapi? Barazani kwa chifu hawakuweza kumshtaki Gavana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote ya nchi chini ya amri ya Gavana huyo huyo. Njia ya kwenda Mahakama Kuu ilikuwa nyembamba, na mwisho wake ulijulikana kabla ya kuanza.

Lakini Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa lilipokea malalamiko. Basi Wameru walichanga. Chama chao cha raia kilikusanya fedha kwa watu ambao wengi wao walikuwa wametoka kupoteza nyumba na malisho, wakampata wakili Earle Seaton, mtu wa kutoka visiwa vya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa katika New York, mwananchi wa Tanganyika aliyekwenda kuilalamikia Serikali iliyomtawala. Katika Kamati ya Nne azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita. Katika Mkutano Mkuu likakosa theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1967, Kirilo na Seaton walichapisha kitabu juu ya shauri hilo, nacho chasomwa hata sasa.

Wanahistoria wamelitazama jambo la Meru kama mwanzo wa mwamko wa siasa, na hawakukosea. Lakini lina upande mwingine ambao haukuangaliwa sana. Mchango ule ulikuwa mfuko wa msaada wa kisheria, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo. Neno lililotumika lilikuwa mchango, lile lile la harusi na matanga, na ndani yake mna dhana kwamba shauri la mmoja ni la wote. Dhana hiyo ni tofauti kabisa na ile ya fukara wa rupia 100, ambaye huja peke yake na kuthibitisha kwamba hana kitu. Mfuko wa Meru haukumuuliza mtu umaskini wake. Uliuliza tu kama ameondolewa kwake. Upungufu wake nao wajulikana: mchango hupatikana penye kabila zima lililoonewa mahali pamoja na kwa siku moja. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake hachangiwi na mtu, maana wale ambao wangemchangia ndio wadaiwa wake.

Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa maandishi yaliyotokea katika Sauti ya TANU, ambayo yalisemwa kuwa yanawakashifu maafisa wawili wa wilaya. Akatetewa na D. N. Pritt, wakili maarufu kutoka Uingereza aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta katika Kapenguria, pamoja na mawakili wa nchini, kina Rattansey na Jhaveri. Alitiwa hatiani akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Shauri hilo lilikuwa na utetezi wa daraja la juu kabisa uliopata kuonekana katika nchi. Mtu asiyekuwa na chama nyuma yake, aliyeshtakiwa siku hizo hizo kwa kuiba ng'ombe, asingaliona hata kivuli cha wakili.

Serikali ya uhuru ilirithi mahakama za namna mbili, na mapema ikaamua kuziunganisha. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kazi Julai 1964, ilifuta mabaraza ya zamani na kusimamisha ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, na juu yake Mahakama Kuu. Rufani ya mkulima ikarudishwa kwa majaji. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na halikusifiwa vya kutosha. Kiswahili kilifanywa lugha ya Mahakama ya Mwanzo, na hakimu aliketi pamoja na wazee wa baraza.

Katika sheria hiyo lakini kilibaki kifungu kimoja cha zamani: wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu katika Mahakama ya Mwanzo, wala mwendesha mashtaka wa Serikali. Sheria mpya ya mahakama hizo ya mwaka 1984 ilikirudia. Katika mashauri ya madai peke yake hakimu aliweza kumruhusu jamaa au mtu wa nyumbani mwa mwenye shauri amsemee, ikiwa mwenyewe ameomba. Msomaji aliyefuata habari ya neno wakili tangu mwanzo atatambua mara moja ni nani huyu aliyerudi mlangoni: ni yule mjomba na shemeji wa mbele ya kadhi, aliyenyimwa jina lake lakini akaachiwa kazi yake.

Waliokitetea kifungu hicho walikuwa na hoja nzito. Katika nchi yenye mawakili wachache namna ile, kuwaruhusu kungalimaanisha kwamba mwenye duka huja na msemaji aliyesoma na mpagazi huja na mikono mitupu. Bora wote wawili wawe bila wakili, wakaongea Kiswahili mbele ya wazee wanaojua desturi. Kwa mashauri ya madai ya kawaida hoja hiyo yafaa kukubaliwa. Kwa jinai haikubaliki kirahisi, kwa sababu hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aweza kumfunga mtu jela, na mtu anayefungwa hashindani na jirani yake bali na dola. Tena usawa wa kukosa wakili ulidumu mpaka mlango wa rufani tu. Aliyeshinda katika Mahakama ya Mwanzo kwa ukweli wa maneno yake aliweza kuvutwa mpaka Mahakama Kuu na mwenziwe mwenye fedha, akajikuta katikati ya hoja za Kiingereza juu ya shamba alilolizoea tangu utotoni.

Jambo la lugha lilitambuliwa mapema na wasomi. A. B. Weston, mkuu wa Kitivo cha Sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, aliandika juu ya sheria katika Kiswahili katika jarida Swahili mwaka 1965. Ugumu haukuwa wa msamiati kama watu wengi walivyodhani. Mdai, mdaiwa, mshtaki, mshtakiwa, shahidi, kiapo, dhamana, rehani, wosia, hukumu, rufani: maneno haya yalikuwa yakitumika mahakamani kabla ya mawakili wengi kuzaliwa. Ugumu ulikuwa kwamba vitabu vya sheria, hukumu zilizotangulia na mafunzo ya mawakili wenyewe yalikuwa katika Kiingereza, na kwamba kila neno la Kiswahili lililopendekezwa lilipimwa kwa neno la Kiingereza badala ya kupimwa kwa matumizi ya barazani. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 50 ikawa desturi ya ajabu katika mahakama za juu kidogo: shahidi husema Kiswahili, hakimu huelewa Kiswahili, wakili huuliza kwa Kiswahili, na kalamu ya hakimu huandika Kiingereza. Mshtakiwa akipewa nakala ya maneno yake mwenyewe, hutafuta mtu wa kumsomea.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, walimu na wanafunzi wa kitivo hicho waliunda Kamati ya Msaada wa Sheria, iliyowapa watu wasio na uwezo mashauri bila malipo. Mfuko wake ulikuwa muda wa walimu na miguu ya wanafunzi. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria katika Mashauri ya Jinai ya mwaka 1969. Kwa sheria hiyo mwenye mamlaka ya kithibitisho, naye ni wa ngazi ya majaji, akiona kwamba kwa maslahi ya haki mshtakiwa yafaa apate wakili, na kwamba mali yake haitoshi, aliweza kuthibitisha hivyo, na wakili akalipwa kutoka hazina ya Serikali. Ujira huo ulihesabiwa kwa mamia ya shilingi, na thamani ya shilingi ilivyoshuka ukawa kichekesho. Kwa vitendo msaada ulitolewa hasa katika kesi za kuua, ambazo adhabu yake ni kifo. Wakili aliyepangiwa kesi ya namna hiyo mara nyingi alikutana na mteja wake siku chache kabla ya kusikilizwa, au asubuhi ile ile. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa moyo, na kumbukumbu za Mahakama ya Rufani zina hoja nzuri walizotoa watu waliolipwa chini ya nauli yao. Lakini sheria yenyewe ilisimama juu ya neno aweza. Ilikuwa ihsani ya mwenye mamlaka kwa mtu anayestahili kuhurumiwa.

Neno hilo ndilo lililojaribiwa baada ya Haki za Binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika rufani ya jinai, aliamua kwamba haki ya mshtakiwa maskini kupata wakili kwa gharama ya Serikali imo ndani ya ibara ya 13 ya Katiba, inayotaka mtu asikilizwe kwa ukamilifu. Uamuzi huo ulikwenda mbali kuliko hazina ilivyokuwa tayari kwenda, na mwendo wa mahakama za chini haukubadilika mara moja. Walakini hoja ilikwisha kusemwa, nayo iliendelea kurudiwa na wengine.

Mahakama ya Rufani nayo iliendelea kuufungua mlango kwa upande wa ada na ruhusa. Mwaka 1993, katika shauri lililotoka upande wa Arusha, ilibatilisha sharti la mwananchi kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali. Mwaka 2002, katika shauri la Ndyanabo, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilibatilisha kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichomtaka mwenye kupinga matokeo aweke kwanza shilingi 5,000,000 kama dhamana ya gharama. Mahakama iliona kwamba haki ya kuifikia mahakama haiwezi kuwekewa bei ambayo watu wengi hawawezi kuilipa. Wananchi wa Kenya waliandika jambo la namna hiyo waziwazi katika ibara ya 48 ya Katiba yao ya mwaka 2010: ada, ikiwapo, iwe ya kiasi na isimzuie mtu, nao katika sheria yao ya mwaka 2016 waliweka mfuko wa msaada wa kisheria wenye jina lake.

Tanzania Bara kwa muda mrefu iliuacha mfuko huo mikononi mwa vyama. Chama cha Wanasheria Wanawake na vingine vilivyofuata katika miaka ya 1990 viliwahudumia hasa wajane, watoto na wake walioachwa, yaani watu wale wale ambao mchango wa namna ya Meru haukuweza kuwafikia. Fedha zao nyingi zilitoka ng'ambo. Mwaka 2011 uliundwa mfuko wa kuwagawia vyama hivyo fedha, na mtoaji mkubwa alikuwa Denmark. Hakuna sababu ya kuudharau msaada huo. Nyumba nyingi ziliokolewa kwao. Lakini mfuko wa kigeni huwa na mwanzo na mwisho ulioandikwa katika mkataba, na shauri la mirathi halifuati kalenda ya mkataba.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilichukua mahali pa ile ya 1969. Iliweka msajili, ikaeneza msaada katika mashauri ya madai pia, na ikamtambua rasmi msaidizi wa kisheria, mtu wa kijijini au mtaani aliyepata mafunzo mafupi. Zanzibar ilifuata kwa sheria yake mwaka 2018. Msaidizi wa kisheria amerithi mambo mengi ya mwandishi wa barua wa zamani: hukaa karibu na watu, husema lugha yao, huandika hati zao, isipokuwa sasa ana cheti na amekatazwa kutoza. Amekatazwa jambo jingine pia, nalo ni kusimama mahakamani kumsemea mtu.

Mwaka 2021 mabadiliko mawili yalikuja karibu kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikaachiwa nafasi pale maslahi ya haki yanapokihitaji, na kazi ya kuzifasiri sheria zote za nchi ikaanza. Na kifungu kile cha tangu 1963 kikalegezwa: wakili akaruhusiwa kuingia katika Mahakama ya Mwanzo, mradi anayeketi hapo ni hakimu mkazi. Kwa mwenye uwezo wa kumlipa wakili, mabadiliko yote mawili yalikuwa faida tupu. Kwa asiyekuwa nao, lugha ya hukumu ilimkaribia mwaka ule ule ambao mpinzani wake alipata ruhusa ya kuja na msemaji aliyesoma. Na yule msaidizi aliyemwandikia hati yake bure hubaki kwenye benchi la wasikilizaji mpaka shauri limalizike.